Filamu ya Pili Isiyokuwa na Mtu Ndani

Kila kinyozi na kila muuza vocha mtaani kwetu ana maelezo yake kuhusu kwa nini filamu ya pili ya shemeji yangu iliharibika. Wapo wanaosema vita vya angani vilikuwa vya kitoto. Wapo wanaosema sayari zilikuwa nyingi mno, mtu ukitoka kidogo kwenda msalani ukirudi unakuta wote wameshahama. Wengine wanamlaumu mwongozaji. Yote hayo yana ukweli wake. Lakini mimi ni mdogo wa mke wake, nimeingia na kutoka katika nyumba ile tangu walipooana, na ninavyofahamu mimi filamu ile iliharibikia jikoni kwa dada yangu, kabla hata haijaandikwa.

Shemeji ni fundi wa majokofu. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, na ndani majokofu yamepangwa kama wagonjwa wanaomsubiri daktari, mengine milango wazi, mengine migongo wazi na mabomba ya shaba yanaonekana. Ukiingia atakusogezea kigoda kwa mguu kwa sababu mikono yake ina grisi. Mtu akileta friji hamuulizi limeharibika nini. Huliwasha, huinamisha kichwa, hufumba jicho moja na kusikiliza, kisha husema, "Hili linakohoa," au "Hili halina ugonjwa, limechoka tu." Mtaa mzima unamwita Fundi, hata mama yake mzazi.

Sikio hilo hilo ndilo lililomwingiza kwenye filamu. Neno likisemwa mbele yake halipotei. Anaweza kukurudishia maneno uliyosema kwenye harusi ya miaka mingi iliyopita, pamoja na kikohozi ulichokohoa katikati. Sisi tulidhani ni kipaji cha kuchekeshea watu. Kwenye sherehe tulimwomba amwige mama yake akigombana na kuku, na mama mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu.

Karibu na karakana kuna kikundi cha maigizo. Mwongozaji wao ni mpiga picha wa harusi, mtu mfupi mwenye hasira za haraka, wanamwita Kibiriti. Siku moja alileta friji, akamkuta Fundi akiwasimulia wateja hadithi aliyoitunga mwenyewe, ya watu waliomo ndani ya chombo cha angani ambacho mtambo wa kupoza hewa umekufa njiani.

"Andika hiyo," Kibiriti akasema.

"Mimi?"

"Sasa nani, friji?"

Ndivyo ilivyoanza filamu ya kwanza. Waliipiga kwenye chumba cha baridi cha kiwanda cha aiskrimu kilichofungwa zamani. Kuta zilikuwa tayari za bati jeupe. Wakaongeza mabomba mabovu ya karakana na taa za gari, na chombo kikapatikana. Kisa chenyewe kilikuwa chepesi kueleweka. Watu watano katika chumba kimoja, joto linapanda, maji yanapungua. Mtengeneza mitambo wao ni mwanamke aliyefiwa na mtoto safarini. Ni yeye tu anayeweza kutoka nje kuutengeneza mtambo, na akitoka hatarudi. Kapteni anambembeleza: vumilia, tukifika nyumbani tutaanza upya. Yule mwanamke anakunja nguo za mtoto, hamtazami, anasema, "Wewe unataka tuanze upya, mimi hata sijamaliza. Kila mtu ananiambia pole, kisha anaangalia saa. Hata wewe unaangalia saa."

 Ukumbini siku ile watu walianza kulia, na wanaume nao.

Dada yangu alikuwa katikati ya ukumbi, kati yangu na mama mkwe wake. Maneno yale yalikuwa yake. Aliyasema jikoni kwake, baada ya mtoto wao wa pekee kufariki kwa homa ya mapafu kabla hajajua kutembea. Wageni wa msiba walikuwa wameshaondoka, Fundi akamwambia tutapata mwingine, tutaanza upya, naye akamjibu hivyo hivyo, neno kwa neno, nguo zikiwa mkononi. Tangu mtoto afariki hakuwa na jina la kumwitia mumewe. Zamani alimwita kwa jina la mtoto, Baba fulani. Sasa alisema tu "wewe".

Hakuambiwa kwamba maneno yale yatakuwa kwenye filamu. Mwanamke aliyekaa nyuma yetu alikuwa anapenga kamasi kwa sauti. Dada akasimama, akasema, "Nipisheni," akapita kwenye magoti ya watu akaenda zake nyumbani.

Kama mambo yangeishia hapo, pengine yangepoa. Lakini filamu ilipendwa, na watu wakaichukua kauli ile wakaifanya utani. Ukimwambia muuza mboga afanye haraka, anakujibu, "Hata wewe unaangalia saa!" Mwanafunzi akichelewa, mwalimu naye ana lake: "Hata wewe huangalii saa?" Dada anapiga pasi kwenye duka la kufua nguo, kazi ya kusimama siku nzima mbele ya mvuke. Wateja waliokuja kuchukua suti zao walimtolea kauli hiyo wakicheka, bila kujua. Wenzake kazini nao wakaidaka. Yeye alikuwa anageuza shati na kuendelea na mkono wa pili.

Nyumbani hakugombana na mumewe. Ingekuwa afadhali wangegombana. Alichofanya ni kuacha kusema. Alisema chakula kipo mezani, gesi inakaribia kwisha, nimechelewa kwa sababu ya mvua. Alisema yale tu ambayo hayana faida kwa mtu anayesikiliza.

Mama mkwe akawa kinyume chake. Bibi huyu alikuwa na mdomo mtamu kuliko wote, na roboti wa filamu ya kwanza, aliyewapendeza sana watoto, alikuwa akilalamika kama yeye: "Mimi nikinyamaza mnasema nimeharibika, nikisema mnasema nina kelele, basi nichomoeni." Alipogundua kwamba ni yeye, alifurahi kupita kiasi. Kuanzia hapo, mwanawe akiwa karibu, aliacha kulalamika akaanza kuhutubia.

Watu walipodai filamu ya pili, Kibiriti alitaka kubwa zaidi, na mwenye ukumbi akabandika matangazo kabla hata hakijaandikwa kitu. Fundi aliandika kwa miezi. Siku ya kuusoma mswada tulikaa nyuma ya karakana, kwenye viti vya plastiki. Mimi nilialikwa kama shemeji tu. Yule mwanamke mwenye mitambo alikuwa amekufa mwishoni mwa filamu ya kwanza, kwa hiyo Fundi alimletea pacha ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Mwigizaji wake ni muuzaji wa duka la dawa, mama mwenye sauti nzito, na tangu filamu ile anaitwa Injinia mpaka na wagonjwa. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akaziweka karatasi magotini.

"Fundi kaka yangu, naomba kuuliza. Huyu pacha anasema, 'Kama unavyojua, Kapteni, mimi ni pacha wa mwenzenu aliyefariki.' Kapteni kama anajua, namwambia ya nini?"

"Watazamaji hawajui," Fundi akajibu.

"Basi ningewageukia wao, niwaonyeshe na kitambulisho."

Watu wakacheka. Kinyozi anayeigiza Kapteni akanyanyua mkono. "Na mimi nina langu. Kila ukurasa nakubali. 'Nakubaliana nawe.' 'Umesema kweli.' Mimi hapa ni kapteni au mgeni rasmi?"

"Halafu huyu roboti," akadakia mwingine, "'Enyi wana wa ulimwengu, sikilizeni sauti ya hekima!' Huyu kapatwa na nini? Ameokoka?"

Fundi alitabasamu kidogo na kufuta mikono kwa kitambaa, ingawa siku hiyo mikono yake haikuwa na grisi. Hotuba ile ya roboti niliitambua. Niliisikia kwa mama mkwe mwenyewe, neno kwa neno, akiwa amesimama mlangoni na ufagio.

Kibiriti hakucheka. "Ile ya kwanza," alisema, "watu walikaribia kuuana kwa kikombe cha maji. Hapa umewapa mtambo unaotoa kila kitu, maji, chakula, hewa. Sasa wanagombania nini?"

"Sayari."

"Nani analala njaa akiikosa hiyo sayari?"

Fundi akafuta tena mikono kwa kitambaa.

"Maneno ya ile ya kwanza uliyatoa wapi?"

Fundi akanitupia jicho mara moja, kisha akatazama chini.

"Popote ulipoyachota, rudi ukachote tena," Kibiriti akasema. "Ukishindwa, namtafuta mtu mwingine. Na hapo usiniletee kinyongo."

Tulipobaki wawili, Fundi alivuta mlango wa bati akaegemea friji. "Umesikia, shemeji? Nirudi nikachote. Ndoo ninayo. Kisima kina kufuli."

"Na ufunguo unajua anao nani."

"Najua. Unadhani sijui?"

Alijaribu. Nilimwona akijaribu, na ilikuwa aibu kutazama. Alifunga karakana mapema, akawa anashinda jikoni akimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyemwomba avimenye.

"Kazini kulikuwaje?"

"Kawaida."

"Yule msimamizi wenu bado mkali?"

"Yupo."

Jioni moja akaamua kumchokoza. Alionja chai akasema, "Hii ni maji ya moto." Dada wa zamani angemuuliza kama kwao alinyonyeshwa asali. Huyu alichukua kikombe, akamwaga, akapika nyingine, akaiweka mbele yake. Uani mama mkwe akapaza sauti: "Mwanangu, chai ni kama maisha..."

"Mama, naomba," Fundi akasema. Alikuwa ameweka kichwa mikononi.

Ndipo akanipa mswada nimpelekee dada kazini. "Mwambie asome tu. Kwangu hatapokea." Nilimkuta dada wakati wa mapumziko ya chakula, amevua viatu, miguu yake imevimba. Alizitazama karatasi zile kama mtu anayeangalia nguo yenye doa la rangi, akizipima kama zitatakata.  Alizitia chini ya rundo la mashuka.

Siku yake ya mapumziko ilipofika nilikwenda kwao. Mchana mama mkwe na mimi tulikuwa uani tukichambua mchele, dirisha la jikoni likiwa wazi juu ya vichwa vyetu. Yanayofuata dada ameniruhusu niyaandike.

"Nimesoma," dada alimwambia Fundi kule ndani.

Kijiko kikagonga bakuli mara moja. "Unaonaje?"

"Hakuna mtu humu."

"Wako saba."

"Ni majina saba. Huyu pacha anaonyeshwa kitanda cha dada yake aliyekufa, hapo hapo anapiga magoti na kulia. Nani analia hivyo? Mimi siku mtoto alipofariki niliuliza ni nani kaacha bomba la nje linamwaga. Unakumbuka? Niliuliza, nikauliza, mpaka mama yako akatoka kwenda kulifunga."

"Nakumbuka."

"Najua unakumbuka. Hilo ndilo tatizo lako."

 Mama mkwe alikuwa ameacha kuchambua, punje moja ya mchele iko kati ya vidole vyake.

"Siku ile ya nguo nilikuwa naongea na mume wangu," dada akasema. "Kumbe nilikuwa naongea na ukumbi mzima."

"Yalikuwa yananizunguka kichwani," Fundi akasema polepole. "Usiku, mchana, nikifungua kompresa ya friji yapo. Nikaona nikiyatoa yatapoa."

"Yakapoa?"

"Kidogo."

"Kwako. Kwangu yanarudi kila siku na mteja mwenye suti." Kiti kikavutwa. "Sasa kaa hapo. Unataka kujua mtu anavyosema? Kaa nikuambie. Nitaanza na asubuhi ya hospitali, kwa sababu hujawahi kuniuliza."

Mama mkwe akainuka. Mimi nilidhani anakwenda kuingilia na hotuba yake, nikanyoosha mkono nimzuie. Lakini alipanda juu ya jiwe la kufulia, akalisukuma lile dirisha kutoka nje mpaka likafungwa, akashuka, akarudi kwenye mchele. Hakusema hata neno moja, na mwanawe alikuwa karibu kabisa.

Tulichambua mchele wote, tukaanza kuuchambua tena uliokwisha kuwa safi. Sauti ya dada ilikuja na kwenda nyuma ya kioo, siku nyingi sikuwa nimeisikia ikipanda vile. Walipotoka, Fundi alitangulia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyebeba kitu kizito na anaogopa kukiweka chini. Dada alisimama kizingitini akijifuta shingo kwa kanga.

"Na haya nayo utayaandika?" akamuuliza mgongoni.

"Siyaandiki."

"Tutaonana ukumbini," dada akasema, akarudi ndani.

Kesho yake nilipita karakana. Fundi alikuwa amekaa mbele ya friji lililofunguliwa na mswada uko juu yake.

"Shemeji, nimepewa filamu nzima," alisema. Alijigusa kichwa. "Imo humu, mwanzo mpaka mwisho. Ningeketi leo, kesho ningekuwa nimemaliza. Kibiriti angenibusu miguu."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitabadilisha rangi ya roboti."

Nilidhani anatania. Alikaa na mswada ule wiki nyingine, akarekebisha vituo na mikato, roboti akawa wa bluu, akaurudisha. Kibiriti aliusoma amesimama, akautupa juu ya meza. "Umekauka," akamwambia mbele ya kikundi kizima. Matangazo yalikuwa yameshabandikwa, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuanza upya. Akamwita mtu anayeandika matangazo ya redio, naye akaongeza vita viwili na wimbo. Mengine yote yalibaki ya Fundi kama yalivyokuwa, Kapteni anakubali, pacha anaeleza, roboti anahutubia.

Injinia alikuja karakana mwenyewe, akakaa kwenye kigoda. "Kaka, nipe hata sentensi moja ya kushika. Moja tu. Nasimama mbele ya kamera sina pa kuweka mikono."

"Sina, dada yangu."

"Unayo. Nakuona machoni."

"Ni jokofu lako limeharibika?" Fundi akamuuliza. Yule mama akaondoka kwa hasira, na sijui kama wamesalimiana vizuri tangu siku hiyo.

Siku ya kuionyesha, ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Dada alivaa gauni lake la kazini, alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye pasi. Alikaa mwanzo wa safu, pembeni mwa njia, na Fundi akakaa kando yake. Mimi na mama mkwe tulikuwa nyuma yao, kwa hiyo nilitazama mabega ya dada kuliko filamu. Watu walianza kusogezasogeza viti mapema. Sayari ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kila mwanamke alipofungua mdomo pale mbele, dada alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

Kisha likaja tukio lenyewe. Pacha anafikishwa kwenye kitanda cha marehemu, anaikuta shuka imekunjwa. Muziki ukazimwa. Dada akainama mbele, mguu mmoja tayari uko njiani.  Fundi alikuwa ametazama sakafu.

"Dada yangu alikuwa shujaa," pacha akasema, akapiga magoti akalia. "Nitaiendeleza kazi yake kwa ajili ya ulimwengu wote."

Mtu mmoja akacheka, kisha safu nzima, kisha ukumbi. Wengine wakapiga miluzi. "Jamani, hata msibani kuna hotuba!" akapaza mmoja, na wakacheka zaidi. Dada aliegemea kiti. Aliurudisha mguu ndani polepole. Akabaki hivyo mpaka mwisho, akitazama kwa makini kila sayari na kila vita, wakati watu wanainuka na kupita mbele yake kwenda nje. Taa zilipowashwa tulikuwa wachache, na mama mkwe alikuwa akisema roboti wa bluu ndiye aliyejitahidi.

Kibiriti alikuwa amesimama mlangoni, kola yake imelowa jasho. Alimshika Fundi bega. "Mimi sikulaumu tena. Niambie tu ukweli. Ukurasa mmoja kama ule wa mwanzo ungetuokoa. Watu wangesahau upuuzi wote ule. Hata ukurasa mmoja hukuwa nao?"

"Sikuwa nao."

"Hata nusu?"

"Hata nusu," Fundi akasema.

"Basi umekwisha," Kibiriti akasema, si kwa ubaya, akamwachia bega na kuwafuata waigizaji wake.

Dada alikuwa amesikia yote. Alimtazama mumewe kama anavyotazama kola ya shati kabla ya kulitundika, upande huu, upande ule, kwa muda mrefu. Hakumshika mkono wala hakumshukuru. Aliuhamisha mkoba kwenye bega la pili, tukaanza kutembea, wao mbele, mimi na bibi nyuma.  Karibu na kwao dada akasema, "Pasi ya kazini inavujisha mvuke."

"Upande gani?"

"Chini ya mshikio. Jana imenichoma."

"Nitapita kesho niiangalie."

"Si lazima."

"Nitapita."

 Dada alikuwa ameshatoa funguo, anatafuta ya mlango wa mbele gizani kwa vidole, na Fundi alisimama nyuma yake akingoja afungue.